Mama mkwe hajawahi kuiona bahari: siku 12 za Pwani tuzipange vipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma. Mimi na mume wangu tumeweka akiba ya likizo ya familia kwa miaka miwili. Tutakuwa watano: sisi wawili, watoto wa miaka 13 na 9, na mama mkwe wangu wa miaka 68, ambaye magoti yanamsumbua na hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Tuna siku 12. Nimeandika orodha ya miji ya kale: Kilwa, Bagamoyo, Mji Mkongwe, Pangani, Tanga, Mombasa na Lamu, na katikati tulale kwenye vijiji vizuri vya ufukweni. Je, inawezekana? Twende Juni au Desemba? Na tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, shikamoo kwa mama mkwe. Jambo lililonigusa katika barua yako umelitaja mwishoni kabisa mwa maelezo ya familia, kana kwamba ni dogo: mama wa miaka 68 anakwenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza. Safari yenu ni hiyo, na orodha ya miji ije nyuma yake.

Orodha yako ina miji saba kwa siku 12. Kwenye ramani inapendeza, lakini barabarani itawachosha. Niliwahi kuipangia familia moja kutoka Moshi safari ya namna hiyo, miji sita kwa siku tisa, nao pia walikuwa na bibi. Kila kitu kilikwenda kwa saa yake: magari, vyumba, waongozaji. Siku ya mwisho bibi aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, Bagamoyo ilikuwa ipi kati ya zile?" Tangu siku hiyo sihesabu tena miji. Nahesabu malazi, yaani usiku wa kulala, na sipangi chini ya malazi mawili mahali popote. Usiku wa kwanza mtu huutumia kupumzisha mwili. Mji anaanza kuuona siku ya pili.

Kwa hiyo nakata, na nakuomba usihuzunike. Lamu inataka safari yake, kwa sababu kufika tu kunakula siku mbili za kwenda na mbili za kurudi kwa gari, na uzuri wake ni kukaa bila haraka. Mombasa na Tanga ziunganishe mwaka mwingine, pamoja na Pangani, maana njia yao ni moja. Kilwa ndiyo iliyoniuma kuifuta. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 na kuusifu uzuri wa mji ule, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Lakini Kilwa Masoko ni kama kilomita 300 kusini ya Dar es Salaam, kisha mashua, kisha kutembea juani kati ya magofu yaliyoachana sana. Magoti ya mama hayatashukuru.

Zinabaki sehemu tatu: Bagamoyo, Mji Mkongwe, na kijiji cha Jambiani upande wa mashariki wa Unguja. Nimezichagua kwa sababu ya mahali mnapotoka. Njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Ujiji na Tabora, ikapita Ugogo, ikapumzika Mpwapwa kwenye maji, ikateremka hadi Bagamoyo, kisha majahazi yakavuka kwenda Unguja. Neno "hongo", kabla halijawa rushwa, lilikuwa ushuru wa njia ambao watemi wa Ugogo waliwatoza wenye misafara waliopita nchini mwao. Tanzania imeiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Watoto wako wamezaliwa juu ya njia hiyo. Mkiifuata kwa mfuatano wake, kutoka bara kwenda Bagamoyo na kutoka Bagamoyo kwenda Unguja, kila watakachokiona kitaungana na kilichotangulia. Waelezee mapema, nyumbani, kabla ya kupanda treni.

Sasa wakati. Juni masika yamekwisha, kuna ubaridi mzuri, lakini kusi, upepo wa kutoka kusini, limeshika na bahari ya kati ya Dar es Salaam na Unguja huwa na mawimbi. Kwa mtu anayepanda boti mara ya kwanza ningechagua Desemba, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, linapoanza kuvuma na kabla halijapata nguvu. Shule zikifungwa tu, ondokeni. Mkingoja Krismasi, vyumba vya Unguja vinapanda bei sana na vingi vinakuwa vimeshachukuliwa. Mvua za vuli zinaweza kuwanyeshea saa moja au mbili. Chukueni mwavuli, msiahirishe safari kwa ajili yake. Joto litakuwa kali kuliko mlivyozoea Dodoma, maana la pwani lina unyevu. Matembezi yote yafanyike kati ya saa moja na saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni maji. Hapa ndipo ninapoomba unisome taratibu.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kimo chake hufuata mwezi. Mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ikafika kama mita nne. Katikati, nusu ya mwezi, huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayapandi juu. Wavuvi wetu hupanga kazi zao kwa tarehe za mwezi mwandamo, nanyi pangeni hivyo hivyo. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inatosha. Siku za bamvua, pwani hii maji hupwa karibu na saa nne na nusu au saa tano asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi na moja alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za maji mafu mambo hugeuka: bahari hujaa kabla ya adhuhuri.

Kutojua hili kuna gharama. Niliwahi kuipeleka familia pwani ya mashariki siku ya bamvua bila kuwaeleza. Asubuhi watoto wakatoka mbio na nguo za kuogelea, wakakuta mchanga mtupu na bahari mstari mweupe kule mbali kwenye miamba. Baba yao aliamini ametapeliwa. Hakuwa ametapeliwa, ila kosa lilikuwa langu, kwa kuwa maelezo ya dakika mbili tu yangeigeuza asubuhi ile kuwa tamu kuliko zote.

Basi anzeni safari tarehe 8 ya mwezi mwandamo. Ikishindikana kwa sababu ya ratiba ya shule, anzeni tarehe 22 au 23. Maji yatakuwa yale yale, mtakachokosa ni mbalamwezi.

Siku ya kwanza pandeni treni ya SGR ya asubuhi kutoka Dodoma. Mkishuka Dar es Salaam kodini gari hadi Bagamoyo, kama kilomita 70, na nakuomba jambo moja ambalo dereva atalishangaa: mwambie apite Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge, ndipo ashike Barabara ya Bagamoyo. Asipite Daraja la Selander wala lile jipya la Tanzanite. Pale bahari inaonekana kupitia kioo, katikati ya foleni na honi, na sipendi mama aione hivyo. Mkifika Bagamoyo jioni maji yatakuwa yamekupwa na kila mtu amechoka. Kuleni, mlale.

Asubuhi ya siku ya pili, kunyweni chai bila haraka. Saa nne mpelekeni mama ufukweni. Maji yatakuwa yanakuja, yakielekea kujaa, na majahazi yatakuwa yanaelea. Msimpige picha mara moja. Mwacheni asimame, au mketisheni, aangalie atakavyo. Akitaka kuonja maji kama kweli yana chumvi, aonje. Mliobaki msiseme mengi.

Bagamoyo laleni siku tatu. Ni mji mdogo, tambarare, bajaji inafika kila mahali, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza nao. Kaole iko kama kilomita 5 kusini: msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, kimya, kando ya mikoko. Nendeni asubuhi sana. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 ina makumbusho mazuri na miti mikubwa ya kivuli. Hapo mama anaweza kukaa hata saa tatu. Katika mnara wa kanisa la kale la hapo ndipo maiti ya Livingstone ililazwa usiku mmoja, Februari 1874. Wasimulieni watoto habari za Chuma na Susi na wenzao, walioubeba mwili ule kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, wakapita Tabora hadi hapo pwani, kwa miezi mingi ya miguu. Mimi huwa nasimama zaidi kwa wale wabebaji kuliko kwa aliyebebwa. Kwenye kituo cha misafara mjini mtaelezwa maana ya jina la mji, bwaga moyo. Wengine husema ni wapagazi waliotua mizigo na kupumua, wengine husema ni watumwa walioacha mioyo yao bara. Usiwachagulie watoto. Waache wabishane, wangu walibishana hadi kulala.

Alasiri mteremkie mnada wa samaki pwani. Mama atapenda. Anayejua mnada wa ng'ombe wa Ugogo hahitaji kutafsiriwa mnada wa samaki.

Siku ya nne rudini Dar es Salaam asubuhi mapema, mpande boti ya kwenda Unguja. Ni mwendo wa muda wa saa mbili hivi. Kateni tiketi siku kadhaa kabla, kwa bei ya wakazi, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake cha NIDA. Watoto wabebewe nakala za vyeti vya kuzaliwa. Ndani ya boti kaeni sehemu ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambapo mtikisiko ni mdogo. Mama ale kitu chepesi kabla, asipande na njaa wala na tumbo lililojaa, atafune tangawizi na aangalie mbali kwenye upeo. Kama daktari wake anaruhusu, kuna vidonge vya kichefuchefu cha safari. Humezwa nusu saa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Bandarini Malindi wapagazi watakimbilia mizigo: patanani bei kwanza, kisha mkabidhi.

Mji Mkongwe malazi matatu. Unapopiga simu kutafuta chumba, swali la kwanza liwe, "Chumba cha chini kipo?" Nyumba za pale ni za ghorofa zenye ngazi za mbao au mawe, nyembamba na za kusimama wima. Mwenye nyumba akisema "ni ngazi chache tu," muulize ngapi. Vyumba vyenyewe utaviona ni vyembamba na virefu. Hiyo ni kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulikomea pale urefu wa boriti ulipokomea. Mwonyeshe mwanao wa miaka 13, kisha apime kwa hatua kila nyumba mtakayoingia.

Sitakuchorea ramani ya vichochoro. Potezeni njia kidogo, ni mji salama wa kupotelea mchana, na kila mara mtatokea Darajani au baharini. Tazameni milango: ile ya Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, ya Kihindi ina upinde juu na mara nyingi vifundo vya shaba. Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Itazameni kutoka bustani ya Forodhani. Shangani mtaiona nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye misafara yake ilitumia njia ile mliyotoka nayo. Hapo simameni.

Halafu Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa juu ya kiwanja chake chini ya Askofu Steere. Nje kuna sanamu za watu shimoni wamefungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na chini ya jengo la jirani kuna vyumba vya giza vyenye dari ya kuinama. Mtoto wa miaka 13 aingie. Wa miaka 9 mpime wewe mwenyewe, Mwalimu, unamjua kuliko mimi, akikataa asilazimishwe. Msipange kitu kingine asubuhi hiyo. Nimeona familia zikitoka pale na kupelekwa moja kwa moja kwenye duka la zawadi, na sikupenda.

Jioni kuleni Forodhani au kwenye vibanda vya mitaani: urojo, mishkaki, mkate wa ufuta, juisi ya miwa. Ulizeni bei kabla ya kuonyesha kidole, na samaki au pweza mnunue pale ambapo wenyeji wenyewe wamejipanga. Nguo zifunike mabega na magoti, wanaume pia. Ni mji wa watu wanaoishi na kuswali. Watu msiwapige picha bila kuwaomba.

Siku ya saba nendeni Jambiani. Daladala namba 309 inafika, lakini kwa mama na mizigo kodini Noah, na njiani msimame Jozani. Kima punju wa pale, wenye mgongo mwekundu, asili yao ni Unguja tu duniani kote, na huja karibu na njia bila mtu kuingia mbali msituni. Mtafika Jambiani mchana wa tarehe 14 ya mwezi, bamvua imeanza, bahari inarudi.

Hapo laleni siku nne, na ndizo siku nitakazokuzuia usizijaze. Asubuhi maji yakipwa, fuateni mchanga hadi kwenye mashamba ya mwani. Zao hilo lilianza kulimwa kibiashara upande huu mwishoni mwa miaka ya 1980, na walimaji wengi ni wanawake. Vigingi, kamba, na mafungu ya mwani yaliyofungwa moja moja kwa mkono. Kazi ni ngumu na bei huwa ndogo, na maji yanapopata joto mwani hunyauka. Ukitaka kuona kazi hiyo omba mwenyeji akupeleke, salimia kwanza, na ununue sabuni ya mwani kutoka kwao. Kila mtu avae viatu: yeboyebo zinatosha, ndala hazifai, maana kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Maji yakianza kurudi, rudini nayo, msiyangoje. Yanakuja haraka kuliko yanavyoonekana, na hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu.

Kuogelea ni kuanzia saa tisa alasiri siku za kwanza, na huchelewa kidogo kila siku. Ndani ya miamba maji ni tulivu, lakini watoto wa Dodoma hawajui bahari. Mtu mzima awe ndani ya maji pamoja nao, asikae kitini.

Siku moja, ya tisa au ya kumi, nendeni Kizimkazi Dimbani kuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe. Ukutani hapo pana maandishi yaliyotangulia kila jengo mtakaloliona Mji Mkongwe. Omba ruhusa kwa mtunzaji, vueni viatu, wanawake wajitande. Mtaambiwa pia kuna boti za kwenda kuona pomboo. Boti nyingi huwakimbiza na watu hurukia juu yao. Mimi siwapeleki wageni wangu, na nashauri nanyi mwache.

Siku ya 11 mnarudi mjini, boti, na kulala Dar es Salaam. Msijaribu kuunganisha boti na treni siku moja; boti ikichelewa, treni haitawangoja. Siku ya 12 nyumbani.

Kuhusu fedha: gawa akiba yako mafungu matatu kabla hujaondoka. La malazi na tiketi lilipwe mapema. La chakula na viingilio ligawe kwa siku 12, na kila mahali ulizia kiingilio cha Mtanzania. Fungu la tatu lisiguswe. Ni la homa, gari kuharibika, au mama kusema amechoka na anataka kubaki mahali siku moja zaidi. Akisema hivyo, baki. Dawa zake za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalobebwa na mpagazi.

Jambo la mwisho ni jioni ile ya siku ya saba. Jambiani inatazama mashariki, kwa hiyo jua litazama nyuma yenu, juu ya minazi. Ombeni kiti pale mnapolala, mkiweke ukingoni mwa mchanga, na mama aketi uso wake ukielekea baharini. Maji yatakuwa yamejaa hadi karibu na miguu yake. Kama hakuna wingu, mwezi wa kumi na nne utatoka majini mbele yake.